Sura ya Sita: Nesi Mkali

Panda daladala ya Igoma au Buhongwa jioni, taja hospitali, kisha kaa usikilize. Utasikia habari za foleni, za dawa ambayo haikuwepo, za kipimo kilichorudiwa mara mbili, na hazitapita dakika nyingi kabla hajatajwa nesi mkali. Karibu kila familia ya Mwanza inaye wake. Mmoja alimfokea dada yao aliyekuwa kwenye uchungu. Mwingine alimjibu mzee wa watu kwamba asubiri, mgonjwa hayuko peke yake. Mwingine alipita na faili mkononi mara nne, anaitwa, hageuki. Nyingi ya habari hizi ni za kweli, na sura hii haikuandikwa kuzikanusha. Imeandikwa kwa ajili ya swali ambalo abiria huwa wanashuka kabla ya kulifikia: binti aliyeingia chuo cha uuguzi kwa hiari yake, akawasha mshumaa na kula kiapo huku mama yake akimpigia vigelegele, imekuwaje akageuka kuwa huyo?

Siamini kwamba alizaliwa na ukali, wala kwamba aliupata darasani. Aliupata wodini, kidogo kidogo, akitafuta namna ya kuendelea kusimama mahali ambapo dhamana aliyopewa ni kubwa kuliko nyenzo alizonazo. Wenzake waliomtangulia walimwambia atazoea. Sura hii inahusu huko kuzoea: kunatoka wapi, kunamla nini muuguzi, kunamgharimu nini mgonjwa, na njia gani nyingine ya kustahimili ipo.

Tuanze na mahali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando imekaa juu ya mlima na inaonekana kutoka karibu kila upande wa mji. Ilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za Kanisa Katoliki, mwaka uliofuata ikataifishwa, na mwaka 1985 ikarudi mikononi mwa maaskofu. Ina vitanda zaidi ya 900. Chini mjini iko Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, na nyuma yake hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati hadi visiwani. Mikoa sita ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 16 katika sensa ya 2022. Mzigo mkubwa wa ugonjwa uliozishinda ngazi za chini unapandishwa mlima ule.

Na unapanda umechelewa. Mama wa kisiwa cha Ukara anayetokwa damu anahitaji kwanza boti, kisha ziwa lisiwe limechafuka, kisha gari. Gari la wagonjwa kutoka Sengerema lilikuwa likisubiri kivuko pale Busisi kama magari mengine, mpaka daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Mpango wa m-mama, ambao majaribio yake yalifanyika huku huku, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kusambazwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022, umesaidia sana: unapiga 115 bila malipo, na kama gari la hospitali liko mbali anatafutwa dereva wa jirani aliyesajiliwa. Ni moja ya mambo mazuri yaliyowahi kutokea katika afya ya uzazi nchini. Lakini hata ukifupisha barabara, kabla ya safari kuna siku zilizokwishapotea nyumbani, kwa mganga wa jadi, dukani kwa muuza dawa, au kwenye kutafuta nauli. Anayepokelewa usiku ni mtoto wa seli mundu ambaye damu imemwishia, kijana wa bodaboda, mchimbaji wa Geita aliyeangukiwa na kifusi, mama ambaye kila dakika yake ina thamani. Daktari anakuja, anaandika, anakimbilia wodi nyingine. Muuguzi anabaki na kile kilichoandikwa.

Nieleze usiku mmoja. Huu si usiku wa hospitali fulani. Nimeuunganisha kutokana na mambo ambayo muuguzi yeyote wa ukanda huu atayatambua.

Ametoka Kisesa kwa daladala mbili, mtoto amemwacha na dada wa kazi. Anapokea ripoti kitanda kwa kitanda. Tuseme wodi ina wagonjwa 40, na wauguzi wa usiku ni wawili na mhudumu mmoja. Kila mgonjwa apimwe presha, joto, mapigo ya moyo na upumuaji, halafu viandikwe. Mpe kila mmoja dakika kumi tu. Hizo ni dakika 400, saa sita na dakika arobaini. Wakigawana wauguzi wawili ni saa tatu na dakika ishirini kila mmoja, kwa mzunguko mmoja, kabla hajachomwa mtu sindano, kabla haijabadilishwa dripu, kabla hajapokelewa mgonjwa mpya, kabla muuguzi hajanywa maji. Na kwa mgonjwa aliyezidiwa, mzunguko huo unatakiwa urudiwe na kurudiwa.

Hesabu hii haina jibu, kwa hiyo anachagua. Yupi apimwe kwa mashine na yupi kwa macho, yupi aamshwe na yupi aachwe maana anapumua vizuri. Mara nyingi anachagua sawasawa, kwa sababu miaka imemfundisha kusoma uso wa mgonjwa kutoka mlangoni. Lakini anajua kwamba anachagua. Akikosea, jina lililo kwenye faili ni lake.

Saa nne usiku bibi mmoja anamfuata mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dripu ya mjukuu wangu imekwisha tangu jioni."

"Nakuja, mama."

Atalitamka neno hilo usiku kucha, na analisema kwa nia njema kila mara. Kijana anauliza dawa ya baba yake, anajibiwa kwamba haipo, akanunue nje. Kijana hana hela. Anayetamka kwamba dawa haipo ni muuguzi, ingawa hakuagiza dawa, hakupanga bajeti na hana ufunguo wa ghala. Bei hakuipanga yeye, foleni ya maabara si yake, mochwari si yake, lakini kila "hapana" ya hospitali nzima inapitia mdomoni mwake, kwa sababu saa nane za usiku ndiye peke yake aliyevaa sare na kuonekana. Nimewasikiliza wauguzi wengi wakiongea juu ya kazi yao, na ninasadiki kwamba hiki kinawachosha kuliko damu. Damu walijiandaa nayo. Hawakujiandaa kuwa sura ya upungufu wa watu wengine.

Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Marekani, Andrew Jameton, akiandika juu ya maadili ya uuguzi, alieleza aina hii ya maumivu: kujua jambo lililo sahihi kulitenda, na kuzuiwa na mazingira ya kazi usilitende. Hali hiyo ni tofauti na kutojua la kufanya. Muuguzi wetu anajua kabisa. Mtoto wa kitanda cha tatu anahitaji kupimwa sukari sasa hivi, na vijiti vya kupimia vimekwisha. Akifika nyumbani asubuhi hasimulii habari ya vijiti. Anasema amechoka, analala, na usingizi hauji.

Kisha kuna hofu ya sindano. Alfajiri, taa hafifu, mgonjwa anarusha mkono, sindano inageuka na kumchoma muuguzi kidoleni. Utaratibu unaujua kila mtumishi: osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, anza dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, uzinywe siku 28. Siku 28 za kichefuchefu na za mawazo. Wapo wanaozinywa kwa siri wasimtishe mwenza. Asubuhi ya siku ya pili wanarudi zamu, wanachoma sindano tena.

Je, uchache wa wauguzi unaua? Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliohusisha wauguzi zaidi ya 10,000 na wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 232,000. Kila alipoongezwa mgonjwa mmoja kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuchoka kupita kiasi kwa asilimia 23. Hizo ni hospitali za nchi tajiri, ambako mzigo uliohesabiwa kuwa mkubwa ni wagonjwa wanane kwa muuguzi mmoja. Msomaji aliyewahi kulaza ndugu yake anaweza kulinganisha mwenyewe.

Huko kuchoka kupita kiasi kuna sura yake. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa California aliyetengeneza mwaka 1981, pamoja na Susan Jackson, kipimo ambacho bado kinatumika duniani, alikigawa katika mambo matatu: moyo kuishiwa nguvu, kuanza kuwaona watu unaowahudumia kama vitu, na kuona kazi yako haina maana tena. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 likaieleza hali hiyo kuwa inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Haikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Ni hali ya kazi, na chanzo chake kinatafutwa kazini. Ningependa kila msimamizi wa hospitali ayasome maelezo hayo polepole, kwa sababu sisi tumezoea kumtafutia muuguzi kasoro katika tabia yake, malezi yake, au kukosa wito.

Hilo jambo la pili katika mgawanyo wa Maslach, kuona mtu kama kitu, ndilo linalotupeleka kwa nesi mkali, na aliyelieleza vizuri kuliko wote aliandika zaidi ya miaka 60 iliyopita. Isabel Menzies alikuwa mchambuzi wa nafsi aliyeitwa na hospitali kubwa ya mafunzo jijini London kwa sababu mfumo wa kuwapangia kazi wauguzi wanafunzi ulikuwa unaelekea kuvunjika. Karibu theluthi moja ya wanafunzi hao walikuwa wanaacha kabla ya kumaliza. Matokeo aliyachapisha mwaka 1960. Alichoona ni kwamba kazi ya uuguzi huamsha hofu nzito mno: unashika miili ya watu wasio ndugu zako, unaona maumivu, unachukia, unahurumia, unatamani, unaona kifo. Hospitali, bila mtu yeyote kukaa na kuamua hivyo, ilikuwa imejijenga ili kumwepusha muuguzi asiisikie hofu hiyo. Kazi ziligawanywa vipande vipande: mmoja anapima joto wodi nzima, mwingine anagawa vyombo, hakuna anayekaa na mtu mmoja mpaka amjue. Wauguzi walihamishwa wodi hadi wodi wasizoeane na wagonjwa. Wagonjwa wenyewe walitajwa kwa viungo na namba, mmoja akawa "ini la kitanda namba 10". Maamuzi yalisukumwa kwenda juu ili asiwepo wa kubeba lawama.

Menzies alionyesha kwamba kinga hiyo haikingi. Muuguzi aliyezuiwa kumjua mgonjwa anakosa pia furaha ya kumwona anapona. Hofu inabaki, raha inaondoka, na wenye moyo zaidi ndio wanaotangulia kuacha kazi.

Sasa ingia wodi yoyote ya Kanda ya Ziwa. "Yule wa kitanda cha sita." "Yule wa PF3," yaani aliyekuja na fomu ya polisi. "Mama wa presha." "Kichwa," yaani majeruhi wa kichwa. Namba zina kazi yake, nakubali, maana wodini wanaweza kuwemo akina Masanja wanne na akina Neema watatu. Lakini angalia zinapotumika zaidi: mgonjwa anapokuwa mahututi, anapoanza kupoteza matumaini, anapokuwa mtoto. Pale ambapo jina lingeuma, namba inakuja. Na yule anayepita na faili bila kugeuka ameshajifunza kwamba akigeuka atakutana na macho, na macho yataomba kitu ambacho hana. Huko ndiko kuzoea tunakosema. Kufoka ni hatua inayofuata. Ndugu anayefokewa hafuati tena mezani, na orodha ya madeni ya usiku inapungua kwa moja.

Nikisema hivyo simtetei anayempiga mama kofi kwenye chumba cha kujifungulia. Hakuna idadi ya wagonjwa inayohalalisha kofi. Watafiti waliowahoji akina mama waliojifungulia katika vituo vya mkoa wa Tanga, na kuchapisha matokeo mwaka 2014, walikuta karibu mmoja kati ya watano akisema, wakati anatoka kituoni, kwamba alidhalilishwa au alitendewa vibaya. Walipofuatwa nyumbani baadaye, waliosema hivyo walikuwa zaidi ya robo. Walihitaji kwanza kuwa mbali na kituo ndipo waseme. Hiyo ni aibu ya taifa, na haihusu Tanga peke yake.

Ila ona kilichofuata. Wilayani Korogwe watumishi na wananchi walikaa pamoja, wakakubaliana juu ya haki na wajibu wa kila upande, na wodi ikapewa nafasi ya kupanga marekebisho yake yenyewe, yakiwemo mapazia ili mama asijifungue mbele ya macho ya watu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezekano wa mama kutendewa vibaya umepungua kwa asilimia 66, ukilinganisha na mahali ambapo hilo halikufanyika. 

Kinyume chake ni ziara ya kushtukiza. Tumeiona mno kwenye televisheni: kiongozi anaingia wodini na msafara, ndugu wa mgonjwa analalamika, kamera inasogea, muuguzi anaulizwa maswali mbele ya wagonjwa wake na kusimamishwa kazi papo hapo. Wananchi tunapiga makofi. Kesho yake wodi ile ile ina wagonjwa wale wale na muuguzi mmoja pungufu, na aliyebaki amejifunza somo moja tu, kuandika faili vizuri kwa ajili ya kujikinga. Muda wa kuandika hivyo unatolewa kwenye muda wa mgonjwa. Sijawahi kuona ushahidi kwamba fedheha ya hadharani imemfanya muuguzi yeyote kuwa mpole.

Kuna pia usiku ambao si wa kawaida. Kanda hii inaishi na ziwa, na ziwa limeua. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu. Makaburi ya wengi wao yako Igoma. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya kufika gati la Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Siku kama hizo tunawakumbuka wapiga mbizi na wanajeshi, na tunafanya vyema. Wanaosahaulika ni wale waliopanga miili, waliofunika nyuso, waliosimama na ndugu anayetambua mtoto wake, kisha wakarudi kazini Jumatatu.

Marburg ilileta hofu ya aina nyingine. Ilipotangazwa Kagera, Machi 21, 2023, mpaka ilipotangazwa kwisha Juni 2, waliougua walikuwa tisa na waliofariki sita. Wawili kati ya waliougua walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao alikufa. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo, mkoa huo huo: watu 10, wote wakafa. Kwa muuguzi ugonjwa huu unageuza kila kitu alichofundishwa kuhusu ukaribu. Jasho la mgonjwa ni hatari, matapishi ni hatari, na homa ya kwanza inafanana na malaria ambayo anaipokea kila siku ya maisha yake. Akirudi nyumbani jirani anavuta watoto ndani. Tanzania iliizima milipuko yote miwili haraka, na sifa kubwa ni ya watumishi wa ngazi ya chini kabisa, waliobaki mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angetamani kukimbia.

Basi wanastahimilije? Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha 1984, walitofautisha njia zinazolishughulikia tatizo lenyewe na zile zinazoshughulikia maumivu yatokanayo na tatizo. Wauguzi wa Mwanza wanatumia zote mbili, na kwa ustadi ambao haujaandikwa popote.

Wanasali. Zamu nyingi huanza kwa sala fupi, Mkristo na Mwislamu kila mtu kwa imani yake, na wapo wanaosema kwamba bila dakika hiyo wasingeingia. Wanacheka, wakati wa chai, kwa vichekesho ambavyo mtu wa nje akivisikia atashtuka. Wanalia pia, kwenye chumba cha kuoshea vyombo vya wagonjwa, maji ya bomba yakiwa yamefunguliwa. Wanabadilishana zamu mmoja akiwa na msiba au mtoto ana homa, na fadhila hizo hukumbukwa kwa miaka. Wengine wanakwenda kusoma, na ingawa cheti ni kizuri, usishangae ukigundua kwamba walichokitamani kuliko cheti ni miaka miwili nje ya wodi. Wengine wanakunywa. Wengine wanaongeza kazi katika hospitali binafsi siku za mapumziko ili kulipa ada, wanaondoa mzigo mmoja kwa kubeba mwingine, na hawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi kwa sababu wanasifiwa kwa uchapakazi.

Halafu kuna kikoba. Mtu anayeandika juu ya afya ya akili anaweza kukipita bila kukiona, akidhani ni habari ya fedha. Mimi nakiweka karibu na juu kabisa. Nusu ya mawazo ya usiku ni kodi ya nyumba, ada ya shule, mama mgonjwa kijijini Magu au Misungwi. Kikoba cha wauguzi wa wodi moja kinaigusa nusu hiyo moja kwa moja. Zaidi ya hapo kinawakutanisha watu wa zamu tofauti, wamekaa, wamevaa nguo za nyumbani, sahani ya sato katikati, na mazungumzo yakianza na marejesho huishia kwa mgonjwa aliyefariki Alhamisi. Hakuna mshauri nasaha aliyealikwa, na kazi ya ushauri imefanyika.

Wasukuma waliliona hili katika kilimo zamani sana. Jembe la mtu mmoja katika shamba la ukoo mzima linavunja mgongo, wakaunda vikundi vya kulima pamoja kwa ngoma, ndiyo asili ya bugobogobo inayochezwa mpaka leo Bujora. Wodi ya usiku ni shamba la ukubwa ule. Kinachotofautisha wodi inayovumilika na ile inayowavunja watu, hata zikiwa na idadi sawa ya vitanda, mara nyingi ni kama watu wake wanalima pamoja au kila mmoja yuko na mstari wake gizani.

Na hapa ndipo anapoingia inchaji, muuguzi kiongozi wa wodi, mtu mwenye nguvu kuliko hospitali inavyodhani. Ratiba ya zamu iko mkononi mwake. Akiibandika ukutani mapema, muuguzi ataweza kupanga mtoto atalala na nani. Akiibadilisha kila siku mbili, amemnyima usingizi hata siku ambazo hayuko kazini. Anaweza kuhakikisha aliyetoka zamu ya jioni haamkii zamu ya asubuhi. Anaweza kumpanga aliyeajiriwa juzi na mwenye miaka kumi, badala ya kuwaweka wageni wawili usiku mmoja. Mtoto akifariki, anaweza kusema: kaa dakika kumi, mimi nashika wodi. Dakika hizo kumi hazimo katika bajeti yoyote na hazihitaji kibali cha mtu. Anaweza kubandika mlangoni orodha ya dawa ambazo leo hazipo, imesainiwa na mfamasia, ili "hapana" ile iache kutoka mdomoni mwa muuguzi.

Sheria nayo iko upande wake, akiijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inataka saa hizo zilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na inakataza kumpangia usiku mama mjamzito katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Wauguzi wengi hawajawahi kuonyeshwa vifungu hivyo. Inchaji anayewasomea katika kikao cha mwezi anapunguza msongo kuliko semina ya lugha nzuri kwa mteja.

Lakini inchaji hawezi kuzalisha watu. Wauguzi wapo. Wako Nyakato, wako Mkolani, wamesoma, wamefaulu, wamesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na wanasubiri tangazo la ajira huku wakiuza nguo za mtumba au wakijitolea wodini kwa nauli tu. Tuna wodi zisizo na wauguzi na wauguzi wasio na wodi katika mji mmoja, na kinachowatenganisha ni ikama, ile idadi ya nafasi ambazo Serikali na wamiliki wa hospitali wamekubali kuzilipia mishahara. Makisio ya Wizara ya Afya husomwa bungeni Dodoma kila mwaka, kati ya Aprili na Juni. Wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa husimama humo na kuomba barabara, vivuko na majengo ya hospitali, na wananchi tunawauliza habari za majengo hayo wakirudi. Wachache tunawauliza wameomba wauguzi wangapi wa kulala macho ndani yake.